Tupeane uzoefu: kebo ya mtaani au dishi, kipi kinakupa HD ya kweli Mtwara na Lindi?

Mchele wa Mingoyo
Wakuu, mvua zimeanza, picha zimeanza kuganda, na kila kijiwe ni ubishi ule ule: kebo au dishi. Tupeane uzoefu, ila uwe wa kazi, siyo "kwangu inaonyesha fresh". Naanza. Kama kebo inaingia moja kwa moja nyuma ya TV, weka chaneli unayoipenda kisha bonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti. Ikiandika 576i, yaani picha ya mistari 576, hiyo siyo HD hata kama jina la chaneli lina HD mbele na nyuma. HD inaanzia 720p, halafu 1080i. Kebo inayotumwa kwa analojia, ule mfumo wa zamani kabla ya dijitali, haivuki 576 hata ukanunue TV ya inchi 65. Itakuza chenga tu.

Fundi Juu ya Bati
Sawa mkuu, ila kipimo hicho ni cha kebo inayoingia kwenye TV yenyewe. Ukipitisha kwenye king'amuzi kwa waya wa HDMI, TV inasoma kile king'amuzi kinachotoa, siyo kile chaneli inacholeta. Ukikiwekea 1080i, TV itaandika 1080i mpaka kwenye chaneli mbovu kuliko zote. Pale inabidi utumie macho: angalia namba za jezi kamera ikiwa mbali, na nyasi za uwanja. Nyasi zikiwa uji wa kijani, umepigwa.

Halafu king'amuzi cha HD kilichounganishwa kwa waya wa pini tatu, nyekundu, nyeupe na njano, hakikupi HD milele. Ile njano haibebi. HDMI ya mita moja na nusu inatosha.

Mama Shuwea
Hiyo ya pini tatu ni nusu ya watu wa Chikongola hapa Mtwara. Wanalipia kifurushi kikubwa, picha ya VHS.

Shangani Pwani
Ngoja nimwage kila kitu kuhusu dishi maana watu wanafunga kwa kubahatisha.

Kwa Mtwara na Lindi mjini, Azam wako kwenye setilaiti ya Eutelsat iliyo nyuzi 7 za longitudo mashariki, DStv wako nyuzi 36 mashariki. Sisi tuko karibu na nyuzi 40, kwa hiyo ile ya 36 iko karibu utosini: mwinuko kutoka upeo wa macho ni nyuzi 77 hivi, upande wa kaskazini ukiegemea magharibi kidogo. Ile ya 7 iko chini zaidi, mwinuko nyuzi 50, na unaelekea karibu magharibi kabisa, kaskazini kidogo tu. Hapa mambo matatu yanafuata.

Miti kwanza. Kwa mwinuko wa 50, mnazi au mwembe uliolizidi dishi kwa mita 10 lazima uwe mbali zaidi ya mita 8 na nusu upande wa magharibi. Kwa mwinuko wa 77, mti huo huo ukiwa mita 3 tu haukusumbui. Ndiyo maana nyumba yenye mikorosho nyuma inakubali dishi moja na kukataa jingine, mwenye nyumba anadhani kauziwa king'amuzi kibovu.

Mvua nayo. Masafa haya ni ya gigahezi 10.7 mpaka 12.75, na matone makubwa ya masika yanayala. Wimbi linalokuja kwa nyuzi 50 linapita ndani ya mvua njia ndefu kuliko linaloshuka kwa 77. Kwa hiyo usifunge dishi la sentimita 60 ukanda huu, funga 90. Akiba ya ubora unayoipata siku ya jua ndiyo utakayoitumia siku ya mvua. Fundi akikuachia ubora wa asilimia 55 na anga jeupe, anakuachia kero.

Halafu kuzungusha LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Kwa nyuzi 7 mashariki, LNB inatakiwa ilale zaidi ya nyuzi 70 kutoka kwenye alama yake ya kati, kwa 36 ni nyuzi 22 hivi. Mafundi wengi wanaiacha imesimama. Legeza kibano, zungusha taratibu, subiri sekunde tatu nne kila hatua, angalia mstari wa UBORA kwenye menyu ya king'amuzi, siyo wa nguvu. Mstari wa nguvu unapanda hata dishi likitazama ukuta, maana unaonyesha tu LNB ina umeme.

Kebo Damu
Nyuzi, sijui utosini. Mbona kebo mtu anachomeka tu anaangalia? Na msidanganye watu kuhusu mvua. Chaneli nyingi za bure kituo cha kebo kinazivuta kwa dishi kubwa la masafa ya gigahezi 4, mita mbili na zaidi, mvua haiyasumbui sana. Nyie mkiganda, sisi tunaangalia.

Fundi Juu ya Bati
Za bure, ndiyo. Za mpira wa kulipia zinatoka masafa yale yale ya 11 na 12. Mvua ikipiga pale kituoni mtaa mzima unaganda kwa pamoja. Sifa yenu moja ni kwamba mnaganda kwa umoja.

Kebo Damu
Tusi hilo.

Mtanda Juu
Mvua kando, tatizo la kebo ni umeme. Njiani kuna vikuza sauti vya waya, kila baada ya umbali fulani, na vyote vinakula umeme wa mtaani. Umeme ukikatika Mtanda chini, wewe wa juu una sola yako, betri imejaa, TV ya volti 12 inawaka, kebo haina kitu. Dishi na king'amuzi vinakwenda na sola bila kumuuliza mtu.

Korosho Ghafi
Vikuza MAWIMBI mkuu, sauti ni msikitini 😂

Mtanda Juu
Umeelewa lakini.

Likonde Mwisho wa Lami
Mmenikumbusha kibanda umiza kimoja cha Magomeni hapa Mtwara. Kilikuwa na kumbi mbili zilizotenganishwa kwa turubai, moja inaonyesha Ligi Kuu, nyingine Ulaya. Mwenyewe kanunua ving'amuzi viwili vya kampuni moja, dishi moja, LNB yenye tundu moja, halafu katikati kaweka splita ya kebo ya shilingi elfu mbili. Mchana kajaribu, zote zinaonyesha, kafurahi. Usiku watu wamejaa mpaka kwenye mabenchi ya nje. Dakika ya sabini na kitu ukumbi wa Ulaya mechi imeisha, kijana kabadilisha chaneli kutafuta nyingine. Ukumbi wa Ligi Kuu: giza. "Hakuna mawimbi". Wakadhani waya umechomoka, mmoja kapanda kwenye bati kuutikisa. Kijana wa Ulaya karudi chaneli ya mwanzo, picha ikarudi upande wa pili, wakashangilia, yule wa juu ya bati akadhani kaitengeneza yeye. Kijana kabadilisha tena. Giza. Wa juu kanyonga dishi lenyewe. Hapo sasa kumbi zote mbili zimekufa, na penalti imetolewa, kwa jirani wanasikia kelele. Turubai lilianguka, mabenchi yakafuata.

Sababu yake ni rahisi. King'amuzi kinaiambia LNB ichukue upande gani wa wimbi kwa volti: 13 wima, 18 mlalo. LNB ni moja, waya ni mmoja. Mmoja akituma 18, ile 18 inashinda, na aliyekuwa anaangalia chaneli ya 13 anabaki na giza. Splita haitatui hilo. Dawa ni LNB ya matundu mawili, kila king'amuzi na waya wake mpaka juu.

Mama Shuwea
Penalti aliikosa au aliifunga?

Korosho Ghafi
Na kiingilio kilirudishwa?

Naliendele Kituo
Yule wa juu ya bati alishukaje?

Likonde Mwisho wa Lami
Alishuka upande wa nyuma. Kiingilio hakikurudi, meza ya tiketi haikuonekana. Penalti sijui, waulizeni wa jirani.

Kebo Damu
Angekuwa na kebo angegawa TV nane kwa splita ile ile bila ngumi.

Shangani Pwani
Kweli kwa kebo splita inafanya kazi, ila siyo bure. Ya njia mbili inakula desibeli 3 na nusu za nguvu ya mawimbi, ya njia nne inakula 7, ya nane inakula 11 hivi. Waya wa RG6, ule mnene wa dishi na kebo, nao unakula karibu desibeli 20 kwa kila mita 100 kwenye masafa ya juu ya kebo, na zaidi ya hapo kwenye masafa ya dishi. Ukigawa ndani ya nyumba kwa njia nne, chaneli za juu ndizo zinaanza kuvunjika vipande. Tundu usilotumia lizibe kwa kizibo cha omu 75, usiliache wazi. Na usipokee RG59 nyembamba kutoka kwa fundi eti "ni ile ile".

Mikindani Bandarini
Kuhusu chumvi mmepita haraka, na huku pwani ndiyo inayoua zote mbili. Konekta za chuma cha bei rahisi zinaota kutu ndani ya msimu mmoja. Dalili yake: picha nzuri asubuhi, jioni upepo wa bahari ukiingia inakatika katika. Chuna waya upya, acha shaba ya kati itokeze milimita 2 hadi 3 tu nje ya konekta, nyuzi za wavu zisiguse shaba hata moja, paka grisi ya silikoni, halafu viringisha tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kuanzia chini kwenda juu ili maji yateleze. Kabla waya haujaingia ndani uache uning'inie kama tumbo, tone lidondokee nje. Bila hilo maji yanatembea na waya mpaka kwenye king'amuzi.

Naliendele Kituo
Mimi naifunika LNB kwa kopo la maji la plastiki, mvua haigusi.

Mikindani Bandarini
Likishika unyevu ndani unakuwa umeifungia mvua ndani ya chupa. Ondoa.

Korosho Ghafi
Mpake mafuta ya nazi dishi zima, matone yateleze. Utani, msije mkafanya.

Mchele wa Mingoyo
Na ile hali ya mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba, ubora unaporomoka mchana jua kali, hakuna wingu?

Shangani Pwani
Jua linapita nyuma ya setilaiti, LNB inameza kelele zake. Kwa dishi la 36 ni kama saa saba kasorobo mchana, kwa la 7 ni karibu saa tisa alasiri. Dakika chache, siku chache mfululizo, linaisha lenyewe. Fundi akija saa hizo atakutoza kwa kazi ya jua. Kebo nayo inapata, ila kila dishi la kituo kwa saa yake.

Chuno Faiba
Kwa nini mnapigana na mabati? Faiba ya intaneti ikifika mtaani unaangalia kwa programu.

Fundi Juu ya Bati
Ikifika. HD ya kawaida inahitaji megabiti 5 kwa sekunde, hiyo ni gigabaiti 2.25 kwa saa. Mechi pamoja na uchambuzi, gigabaiti 4 na nusu. Mwenye faiba isiyo na kikomo sawa, mwenye bando la simu hilo ni bao la kwanza tu. Na kumbuka Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini zilipokatika kama wiki moja baada ya kimbunga Hidaya, intaneti ililala na dishi halikuwa na habari.

Chuno Faiba
Hidaya yenyewe mmesahau ilivyong'oa madishi.

Mikindani Bandarini
Yaliyofungwa kwenye mbao ya paa, ndiyo. Funga ukutani, bolti nne ndani ya zege, siyo tofali la udongo.

Mtanda Juu
Kwa anayechagua leo: uliza kwanza unataka chaneli ipi, siyo teknolojia. Ligi Kuu ya hapa nyumbani haki ziko Azam, walisaini miaka kumi mwaka 2021. Kebo ya mtaani ikikuonyesha mechi hizo, uliza kibali chao, maana siku wakizimwa ni katikati ya kipindi na hela ya mwezi umeshatoa. Kebo inafaa mpangaji wa mjini asiyeruhusiwa kutoboa ukuta, mwenye TV tatu na mahitaji ya habari na tamthilia. Ila mwambie mtu wa kebo aunganishe kwanza, ufungue menyu ya TV, uchague kutafuta kwa kebo ya dijitali, uhesabu ngapi zinafika 720. Ndipo ulipe.

Kebo Damu
Hapo umesema vizuri, nakubali. Ila mwezi wa kwanza mwombe punguzo.

Newala Ukingoni
Huku kwetu hakuna kebo, ubishi wenu hautuhusu. Swali moja: dishi la 90 nimepewa na kibano chake, fundi kaleta bomba la inchi moja na nusu anasema atalibana kwa mpira wa tairi. Itakaa?

Fundi Juu ya Bati
Haitakaa. Upepo wa huko juu utalizungusha nyuzi mbili tu na umepoteza kila kitu. Mrudishe akalete la inchi mbili, alisimamishe kwa pima maji pande zote mbili kabla ya kumwaga zege, na zege likauke siku mbili ndipo dishi lipande.