Msandali unaisha mlimani kwetu, na nilioupanda unakufa. Nifanyeje?

Mchunga_Kirisia:
Wadau, hamjambo. Niko upande wa Maralal, Samburu, boma letu limeegemea milima ya Kirisia. Kule juu mawe yanakoanza kuna msandali, ule tunaouita losesiai. Ni kichaka tu, kimo cha mtu au zaidi kidogo, na majani yake hayapukutiki hata kiangazi kikikaza vipi. Nilipokuwa mtoto mama alikuwa akitutuma gome lake la kuchemshia chai. Siku hizi nazunguka na mbuzi nusu siku ndipo nione mmoja, na mara nyingi ninachokuta ni shimo.

Nina mambo mawili. Kuna dalali anakuja jioni na pikipiki. Matawi hayataki, anataka mzizi. Mdogo wangu ameshamng'olea mitatu. Nikimsema, ananiambia ng'ombe walikufa na karo haijalipwa, na hapo kweli sina jibu.

La pili, niliokota mbegu nikaotesha miche kumi na mmoja nyuma ya nyumba. Nikaizungushia miiba, nikapalilia pakawa peupe kama uwanja. Ilifika shibiri moja, ikaanza kugeuka njano, ikafa mmoja baada ya mwingine. Maji nilikuwa naipa! Imebaki miwili. Nimekosea wapi?

Mama_Kitalu:
Pole kaka, umeiua kwa usafi. Msandali ni kimelea nusu. Majani yake yanajitengenezea chakula kama ya mti mwingine wowote, lakini chini ya udongo mizizi yake inajishikiza kwenye mizizi ya jirani na kunyonya maji na madini humo. Mche mdogo huishi kwa akiba ya mbegu kwa muda, halafu unaanza kutafuta wa kumnyonya. Kwako haukumpata mtu.

Hiyo miwili usiiguse. Pandikiza kando yake mche wa kichaka cha lmisigiyoi (wataalamu wanakiita Rhus natalensis), au wa kichaka kingine, Dodonaea viscosa, uiache ikue pamoja. Safari nyingine otesha na jirani ndani ya mfuko mmoja tangu mwanzo. Na ganda la mbegu ni gumu, livunje taratibu ukiangalia usijeruhi kiini, utaona tofauti. KEFRI, ile taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, wameufanyia kazi mmea huu, waulize kabla hujahangaika tena peke yako.

Chapaa_Kwanza:
Nyinyi mnamfundisha bustani mtu mwenye deni la karo. Uza ndugu yangu. Usipouza wewe, jirani atauza usiku.

Skauti_wa_Zamani:
@Chapaa_Kwanza, usimtume kijana wa watu jela. Serikali ilipiga marufuku uvunaji wa msandali wa porini mwaka 2007. Sheria ya wanyamapori ya 2013 nayo inautaja kati ya mimea iliyo hatarini, na mwaka huohuo ukaingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa nchi zetu hizi, kwa hiyo hata kuuvusha mpaka kunahitaji kibali. Kuota kwenye shamba lako hakukupi ruhusa. Nimeona malori yakikamatwa, na kila mara anayepandishwa kizimbani ni dereva na vijana waliobeba magunia. Mwenye pesa hata sura yake hamuijui.

Mwambie mdogo wako hivi: mafuta ya manukato wanayoyatafuta yako kwenye mzizi na moyo wa shina, ndiyo maana hawakati, wanang'oa. Hakibaki kisiki cha kuchipua. Amelipwa mara moja kwa kitu ambacho hakitarudi.

Nyanda_za_Juu:
Mkuu, salamu kutoka Iringa. Huku tuliona jambo ambalo halijatajwa. Kuna mlima msandali wenyewe haukuguswa, ila watu walikata vichaka vyote vya jirani kwa mkaa, moto nao ukapita. Msandali ukabaki umesimama peke yake, halafu ukanyauka. Kwa hiyo usilinde mti, linda kichaka kizima.

Halafu, misandali yako ina matunda? Kuna dume na kuna jike, kila mmoja kwenye shina lake. Ikibaki michache na iko mbalimbali, jike anaweza kukaa miaka bila tunda, na ndege hawana cha kubeba.

Mchunga_Kirisia:
Jamani. Nimepanda juu na mdogo wangu jana, nikamwonyesha. Kila tuliouona umesimama katikati ya lmisigiyoi, nami nimepita hapo maisha yangu yote bila kujiuliza kwa nini. Tumehesabu saba. Yenye matunda ni miwili tu.

Dalali alikuja jioni, mdogo wangu akamwambia hayuko tayari. Hakusema hapana, alisema hayuko tayari. Karo bado ipo, nitauza mbuzi wawili, tuone.

Swali moja: hii miche yangu miwili, kuna namna ya kujua ni dume au jike kabla haijachanua?

Mama_Kitalu:
Kwa macho hakuna. Subiri maua. Na ndiyo maana nakuambia usipande miwili tu, panda mingi.