Mtoto anakohoa mwezi wa pili sasa, tunaishi pembeni ya Mandela Road. Ni vumbi au moshi?

mamaKhalfan
Habari za usiku wakuu, naombeni mawazo yenu maana nimechoka kwa kweli. Tumehamia Buguruni hapa Dar mwezi wa tano, chumba na sebule, nyumba iko karibu kabisa na Mandela Road yaani ukifungua dirisha la chumbani unaona malori ya makontena yanayotoka bandarini yamepanga foleni mpaka usiku wa manane na hayazimi injini. Mwanangu ana miaka minne, tulikotoka Chanika hakuwa na shida zaidi ya mafua ya kawaida ya watoto. Toka mwezi wa sita anakohoa, kikohozi kikavu, kinamshika zaidi kuanzia saa tano usiku halafu tena alfajiri, akilala kifua kinalia kama filimbi. Mara tatu nimeenda duka la dawa, mara zote napewa antibiotiki na sirapu, anatulia siku mbili tatu kinarudi palepale. Mama mkwe anasema ni baridi ya kipupwe nimpake mafuta ya karafuu, jirani anasema vumbi. Napiga deki asubuhi, jioni ukipitisha kidole kwenye kabati unaandika jina.

Hivi vumbi na moshi wa barabarani unaweza kumfanya mtoto aumwe hivi kweli? Na zile maski za bluu zinamsaidia mtoto?

nesi_zamu_usiku
Pole sana mama Khalfan. Mimi ni nesi wa watoto, siwezi kumpima mwanao kwa simu ila kuna kitu ufanye leo hiihii akishalala. Funua kifua chake, shika saa, hesabu pumzi dakika nzima, kifua kikipanda na kushuka ni moja. Mtoto wa umri huo akifika 40 au zaidi ametulia hana homa, au ukiona chini ya mbavu panabonyea kwa ndani kila anapovuta hewa, au anashindwa kunywa, au midomo inabadilika rangi, usisubiri asubuhi, mbebe hospitali. Kama hayo hayapo bado asubuhi mpeleke kituo chenye daktari, sio duka la dawa, umwambie hivyohivyo ulivyotuandikia, kikohozi cha usiku na kifua kinacholia. Maelezo hayo yanafanana na pumu na pumu haiponi kwa antibiotiki hata umpe chupa kumi.

Sasa swali lako. Ndiyo, hewa inaweza. Lakini lile vumbi unaloandikia jina kabatini sio ndilo baya zaidi, lile ni kubwa, mengi yanaishia puani na kooni anapiga chafya anakohoa yanatoka. Baya ni lile usiloliona, chembe za chini ya mikroni mbili na nusu, unywele mmoja wa kichwani ni mnene kama mara thelathini ya hiyo. Hizo zinatoka kwenye kitu kinachoungua, dizeli, mkaa, takataka, na zinashuka mpaka kwenye vile vifuko vya mwisho vya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu kabisa ndio maana kwa watu wazima tunaona mpaka presha, moyo na kiharusi, sio kifua tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake cha chembe hizo kutoka mikrogramu 10 mpaka 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka, maana kadiri walivyochunguza waliona hata hewa tuliyokuwa tunaiita nzuri bado inaumiza. Na mtoto anapumua harakaharaka kuliko wewe, mapafu yake bado yanajengwa.

Naomba unijibu na hili: usiku ndani ya hicho chumba mnawasha nini? Jiko linapikiwa wapi, na mbu mnafukuza na nini?

boda_Temeke
Dada yangu mimi niko barabarani mwaka wa saba, naingia Buguruni kila siku. Jioni nikipenga kamasi inatoka nyeusi tii, mwanzoni nilidhani ni vumbi la njia nikawa naoga tu naendelea. Mwaka jana nilianza kubanwa kifua nikipanda ngazi, na sijawahi kuvuta sigara maisha yangu. Daktari aliniuliza kazi yangu tu akatikisa kichwa.

Maski ya bluu nilivaa mwaka mzima, hewa inapita pembeni ya mashavu, ukiivua unakuta weusi uko pande zote mbili mpaka puani. Inayokamata vile vidogo ni ile ngumu ya N95 na mpaka ibane usoni pasiwe na upenyo, mwenye ndevu haimbani, na saizi ya mtoto wa miaka minne sijaiona popote. Kwa hiyo usitegemee maski kwa mtoto.

Ila kama unataka kujua ni vumbi au moshi kuna kitu fundi alinionyesha. Chukua kitambaa cheupe kilicholowana, futa dirisha la upande wa barabara, acha siku tatu, futa tena. Ikitoka rangi ya udongo inayokwaruza ukiisugua kwa vidole, hilo ni vumbi la njia. Ikitoka nyeusi laini inayopaka kama wino, hiyo ni masizi ya dizeli na moto.

fundi_nozeli_Ilala
Naongezea kidogo hapo kwa boda. Lori likitoa moshi mweusi maana yake dizeli haiungui yote, nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini zimechoka hazipulizi vizuri zinamwaga, au ea klina imeziba injini haipati hewa, au limebebeshwa kupita uwezo. Vyote vinatengenezeka, gari naletewa linafuka kama tanuru linaondoka safi, ila tajiri wengi wanasema madhali linatembea liache. Na gari lisilotoa moshi unaouona usidhani halitoi kitu. Likisimama foleni linaunguruma masaa mawili chini ya dirisha la mtu hiyo yote inaingia ndani. Inaniuma kwa sababu kazi yenyewe naijua, ni ya siku moja.

mjomba_Lewisham
Nawasoma kutoka London. Mama Khalfan nisikutishe lakini nakuandikia hili makusudi. Hapa ninapoishi kulikuwa na binti anaitwa Ella Adoo-Kissi-Debrah, nyumba yao ilikuwa hatua chache tu na barabara ya South Circular, barabara ya magari mengi kama hiyo yako. Alikuwa na pumu kali, ndani ya miaka mitatu alilazwa hospitali karibu mara thelathini, akafariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa. Mama yake Rosamund alipigana miaka hiyo yote mpaka Desemba 2020 ndipo mchunguzi wa vifo akatamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, na hilo halijawahi kutamkwa kwa mtu yeyote Uingereza kabla yake. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba yule mama alisema angeambiwa mapema kuwa ni hewa angehama. Hakuna aliyemwambia.

Wewe tumekuambia. Kama kuhama kunawezekana hata mtaa wa tatu wa nyuma nenda, moshi wa barabara unapungua sana ukisogea mita mia mbili hivi.

mamaKhalfan
Asanteni sana, nimelia kusoma hiyo ya Ella. Usiku ule nilihesabu pumzi, 32, nikahesabu tena 31. Asubuhi tukaenda hospitali, daktari amesema ni pumu, amempa pampu mbili za kuvuta dawa, moja ya kutumia akibanwa na nyingine ya kila siku hata akiwa mzima, nikaonyeshwa kumvutisha kwa kutumia chupa ya maji iliyotobolewa kwa chini maana mwenyewe hawezi kuvuta moja kwa moja.

Kitambaa nimefuta. Cheusi, kinapaka vidole, kama nimeshika sufuria ya mkaa.

Dada nesi umeniuliza swali ambalo hakuna daktari wala muuza dawa aliyewahi kuniuliza. Jiko la mkaa napikia koridoni mlangoni kwetu, nawashia na vipande vya nailoni kwa sababu vinashika haraka. Na mbu nachoma ile dawa ya mzunguko, naiweka chini ya kitanda cha mtoto, nafunga dirisha, kuanzia saa mbili mpaka inaisha yenyewe usiku.

nesi_zamu_usiku
Usijilaumu hata kidogo, karibu kila nyumba ninayouliza iko hivyo. Ile dawa ya mzunguko kipimo cha maabara kilionyesha moja ikiungua mpaka mwisho inatoa chembe ndogo sawa na sigara zaidi ya sabini, na wewe unaiunguza dirisha limefungwa chini ya pua yake. Saa tano unayosema anaanza kukohoa, ni masaa matatu baada ya kuwasha. Acha kuanzia leo, ila neti usiache usiku hata mmoja, malaria haitusubiri. Jiko lihamie nje uani, liwashwe na karatasi au vijiti vikavu, nailoni kamwe, na mtoto asiwe karibu mpaka mkaa uwe mwekundu moshi umekwisha. Dirisha la barabarani lifunge wakati wa foleni, fungua la uani. Deki ya maji endelea, usifagie kavu mtoto akiwa ndani. Na ile pampu ya kila siku usiiache ukiona amepata nafuu, hapo ndipo wengi wanarudi kwetu.

mamaKhalfan
Narudisha majibu, leo siku ya kumi na mbili. Neti mpya, koili nimetupa zote, jiko liko uani. Kukohoa usiku bado kupo ila juzi na jana amelala mpaka saa kumi alfajiri bila kuamka. Mchana lori zikijazana bado anakohoa, hilo sina la kulifanya ndani ya nyumba yangu. Baba yake ameenda kuangalia chumba kule nyuma karibu na reli, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, tunayo ya minne. Kama kuna mtu anajua mwenye nyumba anayekubali miezi mitatu maeneo ya ndani mbali na barabara kubwa naomba aniandikie inboksi.