Earth Angel ya The Penguins: ilirekodiwa gereji, ikavumaje?

Santuri45: Wakuu, naomba kueleweshwa. Ni kweli Earth Angel (1954), wimbo wa kikundi cha waimbaji cha The Penguins, ilirekodiwa gereji? Na watu wanne wakitaka kuiimba, sauti wazipange vipi?

Mzee wa Vinyl: Ni kweli kabisa. Gereji ilikuwa ya Ted Brinson, mpiga besi wa Los Angeles. Yalikuwa majaribio tu. Dootsie Williams, mwenye lebo ya Dootone, alipanga kuongeza vyombo baadaye. Ngoma zilizibwa kwa mito zisimeze sauti za waimbaji, na mbwa wa jirani akibweka, wanaanza upya! Williams akapeleka nakala kwenye duka la santuri la John Dolphin, DJ Dick Hugg akaipiga redioni, wasikilizaji wakaanza kuiulizia. Hapo mpango wa kuongeza vyombo ukafa, wimbo ukatoka vilevile. Tena uliokusudiwa kuvuma ni Hey Señorita wa upande wa pili, ila redio zikageuza santuri.

BaritoniWaPwani: Upande wa sauti: kodi (chords, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja) ni nne zinazozunguka, tuseme C, Am, F, G. Piano inagawa kila pigo mara tatu, taratibu, bila kukimbia. Kiongozi mwacheni na melodia yake. Kwenye C, besi ashike C, baritoni E, tenori C ya juu. Ikija Am, besi peke yake ndiye anashuka hadi A, wengine wasisogee. Kwenye F, besi aende F, baritoni apande A, tenori abaki C. Kwenye G, besi aende G, na hao wawili wapande hatua moja: B na D.

Panapoharibika ni kwenye F. Baritoni akiogopa kuruka hadi A, anaishia F, nota ileile ya besi, na kodi inabaki tupu. Fanyeni mazoezi ya mruko huo peke yake, bila piano.

Mzee wa Vinyl: Umemaliza, mkuu. Niongeze la chati: The Penguins walishika namba 1 upande wa R&B na namba 8 kwenye pop. The Crew-Cuts, kikundi cha Wazungu kutoka Kanada, wakaurudia wimbo huo chini ya lebo ya Mercury wakafika namba 3 kwenye pop. Inauma, maana sauti ya Cleveland Duncan, kiongozi wa uimbaji wa The Penguins, kwenye ile ya gereji hawakuikaribia.

Santuri45: Asanteni sana. Kwa hiyo The Penguins wenyewe waliishia wapi?

Mzee wa Vinyl: Meneja wao, Buck Ram, aliwapeleka Mercury mwaka 1955, akashikilia kwamba kampuni iwachukue na The Platters, kikundi kingine alichokisimamia. Waliopaa ni The Platters. The Penguins hawakuingia tena kwenye 40 bora za pop.