Herufi moja moja ziko poa lakini jina zima linakaa vibaya (nibu ya ncha kali)

mama_kadi_ksm: Wadau hamjambo. Naandika majina kwa kadi za harusi huku Kisumu, kopapleti (ule mwandiko wa mapambo unaolala, wenye mistari minene na myembamba). Ukiangalia herufi moja moja hakuna shida, lakini nikiandika Millicent pale "illi" panabanana, alafu Onyango inaachana kati ya o na n, na rula inasema nafasi ni milimita 2 kote kote. Nini mbaya jameni?

fundi_wino: Weka rula kando kwanza. Hupimi umbali wa herufi na herufi, unapima weupe ulioko kati ya mistari minene, ile ya kushuka. Chukua n, weupe wa ndani kati ya miguu yake miwili ndio kipimo chako, sasa kutoka mguu wa mwisho mpaka herufi inayofuata weupe ukaribie huo huo. Jaza ukurasa na neno "nunua", miguu ya n-u-n-u isimame kama fito za ua, ukifika kwa a unaisogeza ndani kidogo kwa sababu tumbo lake linaacha weupe pale juu na pale chini. Onyango ni hivyo hivyo, o ya mwisho ni tumbo, na O kubwa ndio zaidi, so n isogee. Millicent ni kinyume, i na l ni miguu mitupu, hizo milimita 2 hazitoshi, fungua.

kalamu_bgm: Fundi amemaliza ila angalia na mlalo pia. Kopapleti inalala digrii 55 kutoka mstari wa chini, mwandiko wa Spencer ule wa Marekani ni 52, mguu mmoja ukisimama wima kuliko wenzake weupe unaharibika hata kama umepima vizuri. Mimi hugeuza kadi juu chini, jina halisomeki tena, macho yanaona mashimo tu.

mama_kadi_ksm: Aii kumbe! Na W ya Wekesa? Naiunganisha na e?

fundi_wino: Si lazima, herufi kubwa nyingi husimama peke yake. Isogeze tu e karibu.

nakuru_karatasi: Hamjauliza kadi ni ya aina gani 😅 zile zinanyonya wino mistari myembamba inavimba inakula huo weupe wote mnaopigia hesabu. Tia gamu arabiki (utomvu wa mti unaokaza wino) kidogo kwa wino, ujaribu kwa kipande kwanza.