Tupeane uzoefu: faili la CSV lililokutesa kuliingiza kwenye hifadhidata

Fundi_Jedwali:
Wakuu, salaam. Naomba tupeane uzoefu wa siku mliyoingiza faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi, kolamu zikitenganishwa kwa koma au nukta mkato) likawagomea, au baya zaidi, likaingia kimya kimya kumbe data zimeharibika. Naanza na langu.

Mwaka 2019 nilikuwa nahamisha daftari la wanachama wa SACCOS moja kutoka Excel kwenda hifadhidata ya MySQL. Wanachama 3,214. Nikatumia LOAD DATA LOCAL INFILE, amri ya kupakia faili lililo kwenye kompyuta yako, sekunde haikuisha, ikajibu Query OK. Nikafunga kompyuta, nikaenda kula. Wiki ya mkutano mkuu tukatuma SMS za mwaliko, haikufika hata moja. Kufungua jedwali, wanachama wote, kuanzia mwenyekiti, wana namba moja ya simu: 2147483647.

Wazoefu mmeshaelewa. Kolamu ya simu niliiweka INT, aina ya namba kamili, na INT inaishia hapo hapo. Namba inayoanza na 255 ina tarakimu 12, haienei. Tangu toleo la 5.7 MySQL kwa kawaida hukataa thamani kama hiyo, lakini ukiweka LOCAL makosa ya namna hiyo yanageuka maonyo tu, na thamani inakatwa kwenye kikomo. Maonyo yenyewe yalikuwa palepale chini ya Query OK: Warnings: 3214. Sikuyasoma. Mkutano ulikosa akidi, ukaahirishwa, na wazee waliotoka vijijini kwa nauli zao walirudi hivi hivi. Namba ya simu hatuijumlishi wala hatuitoi, iwekeni VARCHAR, yaani maandishi.

Ng_ya_Ziwa:
Pole mkuu. Mimi niko Kanda ya Ziwa, na kinachonisumbua mimi ni ritifaa, ile alama ya '. Nilikuwa naunda INSERT (amri za kuongeza mistari kwenye jedwali) za wanafunzi ndani ya Excel kwa kuunganisha seli, kisha nazibandika zote kwa pamoja. Kosa 1064, amri imeandikwa vibaya. Natazama mstari wenyewe, kolamu ya wilaya: Nyang'hwale. SQL, lugha ya amri za hifadhidata, hutumia ritifaa kufungua na kufunga maandishi, kwa hiyo ilipofika Nyang' ikaona neno limekwisha, na hwale ikawa haina pa kukaa. Ukienda kwenye majina ya watoto ndiyo kabisa, kila ukurasa kuna Ng'.

Mwenzangu akashauri tufute ritifaa zote, kazi iishe. Nilikataa na bado nakataa. Ng'oa na ngoa ni maneno mawili tofauti. Mtoto ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina ritifaa na fomu ya mtihani haina, kesho atazunguka kutafuta kiapo cha jina kwa uvivu wetu sisi. Ukilazimika kuandika INSERT kwa mkono, rudufu ritifaa: 'Nyang''hwale'. Mimi niliacha kabisa kuzijenga kwenye Excel, naipa hifadhidata CSV yenyewe.

Halafu angalieni ile ritifaa iliyojikunja inayoandikwa na Word na simu. Haivunji kitu, inaingia vizuri, ila ukitafuta jina kwa ritifaa iliyonyooka hulipati.

mgeni_SQL:
Samahanini, mimi nakwama hata kabla ya huko. Nikiandika LOAD DATA napata ERROR 1290, inataja --secure-file-priv. Nimeweka chmod 777 kwenye faili (kila mtu aruhusiwe kulisoma na kuliandika), bado.

Fundi_Jedwali:
Mdogo wangu, rudisha kwanza hizo ruhusa, tatizo haliko kwenye faili. Seva imefungiwa kusoma folda moja tu. Andika SHOW VARIABLES LIKE 'secure_file_priv', itakutajia. Kwenye Ubuntu mara nyingi ni /var/lib/mysql-files/. Peleka faili huko, au tumia LOCAL, ila kwenye MySQL 8 itabidi uwashe local_infile pande zote mbili, kwenye seva na kwenye programu unayoingilia.

Kisumu_Postgres:
Yangu ni ya kliniki na sijaisahau. Tarehe za chanjo ziliandikwa siku kwanza, vile sisi wote huandika huku: 13/04/2021. COPY, amri ya kupakia faili kwenye PostgreSQL, ikakataa, date/time field value out of range, kwa sababu hifadhidata yetu hiyo ilikuwa kwenye MDY, mwezi unatangulia. Mwenzangu akaona basi mistari mibovu ni hiyo inayokataliwa. Akaitafuta mmoja mmoja, akairekebisha, faili likapita.

Hakuna aliyejiuliza kuhusu 03/04/2021. Kwa mashine hiyo ni tarehe sahihi kabisa, 4 Machi. Karibu kila chanjo iliyotolewa kati ya tarehe 1 na 12 ya mwezi iligeuzwa hivyo. Tulijua siku mama mmoja alikuja na kadi ya mtoto mkononi, na kwenye skrini dozi ya pili imetolewa kabla mtoto hajazaliwa. Tulikaa na kadi za karatasi wiki mbili tukilinganisha. Dawa yake ni amri moja kabla ya COPY: SET datestyle = 'ISO, DMY';

Ingine ya PostgreSQL. Ukipakia wateja pamoja na id (namba za utambulisho) zao, ile hesabu inayotoa id mpya haisogei. Kesho yake mhudumu anasajili mteja, anaambiwa duplicate key value violates unique constraint (id hiyo tayari ipo), anabonyeza tena na tena huku foleni inamngoja. Malizia upakiaji hivi:

SELECT setval(pg_get_serial_sequence('wateja','id'), (SELECT max(id) FROM wateja));

Lubumbashi_Data:
Huku kwetu kompyuta nyingi zimewekwa Kifaransa. Excel inahifadhi CSV kwa nukta mkato, koma inabaki ya desimali: 12,5. Ukipakia kwa koma, mstari unakatwa katikati ya 12,5: vyote vilivyo kabla ya koma vinarundikana kolamu moja, na 5 inaingia kwa jirani. Nilipoteza siku mbili nikilaumu seva. Fungueni faili kwa Notepad, msome mistari 5 ya kwanza. Msilifungue kwa Excel, inakula sifuri ya mbele ya namba za simu, na ukihifadhi ndiyo imekwenda.

mgeni_SQL:
Asanteni wakubwa, limeingia kwa LOCAL. Records: 612 Deleted: 0 Skipped: 4 Warnings: 9. Nimeandika SHOW WARNINGS: 4 ni Duplicate entry (mistari iliyojirudia), 5 ni Data truncated for column 'jina' (majina yamekatwa). Nimeichukua fomu ya karatasi, nayatafuta hayo majina 5.