Lori linamisi likipanda Kitonga na tela: nibadili nozo, nitafute kompyuta au nianze na dizeli?

Mvuta_Tela
Wakuu, naombeni ushauri. Injini silinda 6, ina turbo, pampu ya dizeli ni ya zamani, ya mstari (haina umeme). Tambarare gari inakwenda safi kabisa. Nikishapita Ruaha Mbuyuni na mzigo kamili, nikianza kuukamata mlima wa Kitonga inamisi: usukani unatetemeka, nguvu inakatika, inarudi, inakatika tena. Fundi mmoja anataka kubadili nozo zote 6 (zinazopuliza dizeli kwenye silinda), mwingine anasema nitafute mtu wa kompyuta ya kupima gari. Hela yangu inatosha jambo moja tu.

Fundi_wa_Pampu
Kaka, kompyuta iache. Pampu hiyo haina umeme wa kusomwa. Mwambie utingo aangalie moshi mkiwa mlimani. Ukiwa mweusi, hewa haitoshi: kagua filta ya hewa na hosi za turbo, maana mpasuko mdogo hufunguka turbo ikishindilia tu. Ukiwa mweupe na injini imeshapata moto, dizeli inatoka bila kuungua; hapo ndipo nozo au kompresheni (mgandamizo wa silinda). Kama hakuna moshi na nguvu inazama, injini ina njaa ya dizeli.

Mama_Semi
Mwanangu, usianze na nozo. Mimi nilibadili zote, gari ikarudi kumisi kilima kilekile. Kumbe tundu la hewa la tanki lilikuwa limeziba vumbi. Tulipofungua mfuniko likavuta pumzi, fyuu! Hela ya nozo ikawa imekwenda.

Dereva_Tunduma
Mimi naendesha komoni reli (mfumo wa dizeli wa presha kubwa unaoongozwa na umeme), na huko kompyuta ni lazima: inakuonyesha kila silinda inachangia kiasi gani. Lakini jamani, msilegeze nati za paipu za nozo kwenye komoni reli injini ikiwaka. Presha inaweza kupita baa 1,000, dizeli inapenya ngozi. Kitundu utakiona kama cha sindano, lakini nenda hospitali saa ileile.

Fundi_wa_Pampu
Kweli kabisa. Kwa pampu ya mstari inawezekana: injini ikiwa sailensi (inawaka bila kukanyagwa mafuta), vaa glovu na miwani, funika nati kwa kitambaa, legeza moja moja. Silinda nzima mlio utabadilika. Mbovu utabaki vilevile. Ila hapo injini haina mzigo, nozo dhaifu inaweza kujificha. Kwa hiyo anza hivi: weka kipande cha mpira unaoona ndani kabla ya pampu, mbali na ekzosi, kisha pandisha resi. Ukiona mapovu, kuna mahali hewa inaingia. Na Kitonga usisimame kukagua, barabara nyembamba.

Mvuta_Tela
Nimerudi wakuu. Moshi hakuna. Mapovu yalikuja kama shanga, moja nyuma ya nyingine. Mpira wa kutoka tanki umesuguana na chesesi chini ya klipu. Kwa nje mkavu, hauvuji hata tone, mpaka ukiukunja ndipo ufa unaonekana, mrefu kama ukucha. Nimeweka mpira mpya na filta mpya, nikatoa hewa kwa pampu ya mkono. Jana nimepanda Kitonga na mzigo uleule, injini imevuta bila kukatika.

Tulipolegeza nati, silinda ya 5 mlio ulibadilika kidogo mno. Nozo yake nimeipeleka peke yake mashineni ikapimwe. Mama, asante sana.

Mama_Semi
Na mfuniko wa tanki umeufungua ukasikiliza?

Mvuta_Tela
Nimefungua, Mama. Haukuvuta.