Hukumu isomwe kwa Kiswahili: ndiyo ao hapana?

Yambo wote. Naleta mjadala huu juu ya jambo nililoliona kwenye tripaix (mahakama ndogo ya mwanzo) moja hapa Lubumbashi, Kongo.

Kijana wa jirani yangu alishitakiwa kwa wizi. Siku zote za kesi zuzi, yaani hakimu, alimuuliza kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiswahili. Siku ya hukumu ikasomwa Kifaransa kitupu, karatasi tatu, mbio mbio. Mama yake alisimama muda wote, kitambaa kimekunjwa mkononi, anategea jina la mtoto. Tulipotoka akanishika mkono: "Baba, wamesema anarudi nyumbani?" Ilikuwa miezi sita. Ni mimi niliyemwambia, pale kwenye ngazi.

Na siku za rufaa zilikuwa zimekwisha kuanza. Kwa kesi ya jinai sheria yetu inatoa siku 10 tu tangu hukumu kutamkwa. Asiyeelewa alichohukumiwa anakata rufaa juu ya nini?

Msimamo wangu: zuzi aandike Kifaransa chake, lakini uamuzi wenyewe usomwe kwa Kiswahili: ana hatia ao hana, adhabu gani, rufaa inapelekwa wapi na kwa siku ngapi. Kisha mshitakiwa apewe ukurasa mmoja wenye maneno hayo siku ileile. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inataka anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Kifungu cha 142 kinaidai serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa ndani ya siku 60. Iweje anayefungwa ndiye akose?

Msiniambie maneno hayapo. "Sursis" ni nini kwa mama yule? Hafungwi sasa, akirudia kosa atafungwa. Ataelewa.

Avoka (wakili) wa Kampemba: Ndugu, uchungu wako naushika. Tanzania walikipa Kiswahili mahakama zao kwa sheria ya 2021, lakini wao nchi nzima inakisema. Kesi yetu inaweza kupanda mpaka Kinshasa, kwa mazuzi wasiojua neno. Maandishi mawili yakipishana, yapi yanamfunga mtu? Avoka wa upande wa pili ataingilia hapo hapo, hata mimi ningeingilia.

Mwenye mada: Ndiyo maana siombi hukumu nzima itafsiriwe. Andiko la Kifaransa libaki na nguvu. Lakini ukurasa ukikosea, mshitakiwa asibebe kosa la mtafsiri: siku 10 zihesabiwe upya.

Wa Ruashi: Na yule aliyetoka Kasai juzi, anasema Tshiluba tu? Hapa kwetu wako wengi. Mkiandika "Kiswahili" mmemfungia mlango uleule. Tena pesa ya mkalimani nani anatoa? Mkimwachia grefye, karani wa mahakama, aitafute mwenyewe, karatasi hiyo itauzwa koridoni.

Mwenye mada: Kwa lugha, umenishinda, nabadilisha: iwe "lugha anayoielewa". Kwa pesa, sheria yenyewe iseme ni bure na ibandikwe mlangoni pa grefe, ofisi ya grefye, kwa herufi kubwa. Sasa nawauliza mnaofanya kazi mle ndani: fomu iliyochapwa tayari, yenye nafasi za kujaza jina, adhabu na tarehe ya mwisho ya rufaa, ingewachukua dakika ngapi kwa kila kesi?